Mto Uliosuguliwa kwa Ajili ya Wageni

Ninyi wapimaji vijana mnakuja kwangu Rwamishenye, mnanikuta nachambua maharage, mnavuta kigoda mnakaa, halafu mnanionyesha kidude chenu cha kutumbukiza majini. Kinawaka, kinatoa namba, mnaandika, mnaondoka. Sawa, sikidharau. Ila nitawaambia jambo na msininunie: kidude hicho kinajua maji ya leo saa nne asubuhi tu. Aliyemwaga uchafu wake juzi akanawa mikono, hakimjui. Mdudu wa chini ya jiwe anamjua, maana yeye ni mkazi. Amekaa pale miezi, hana pa kwenda, na kila kilichopita kimempitia mwilini.

Mimi nimepima uhai wa vijito vya Bukoba na Muleba tangu nikiwa msichana hadi nilipopewa cheti cha kustaafu pamoja na saa ya ukutani isiyotembea. Jina langu ni refu, watu wananiita Ma Koku. Kaka yangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba serikali imenisomesha ili nikahesabu funza. Sikumbishia. Funza hao hao ndio walionifanya nigombane na wakubwa, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa leo, ila nitaifikia kwa njia yangu. Mwenye haraka aende.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu, Mwislamu wa Bukoba mjini, ambaye babu yake alikuja huku kutoka pwani kufanya biashara, akaoa, asirudi tena. Hakuwa na shahada yoyote. Siku yangu ya kwanza niliingia kijitoni na gambuti zilizonizidi, nikaweka wavu upande maji yanakotoka, nikasimama chini yake, nikaanza kuvuruga mawe kwa miguu kwa nguvu zote za ujana. Nikainua wavu, mtupu. Nikarudia, mtupu. Mzee Sefu alikuwa ukingoni anatafuna kahawa, haongei. Mara ya tatu ndipo aliponiuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu tunapokinga maji ya mvua huwa tunaweka ndoo juu ya bati.

Basi shikeni hilo. Wavu unakaa maji yanakokwenda, wewe unasimama upande yanakotoka, unavuruga mawe, na maji yenyewe yanakuletea. Kisha unamwaga kwenye sinia jeupe na kusubiri. Hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu. Mnatazama nusu dakika mnasema hakuna kitu. Mdudu akishtuliwa hutulia kimya, hataki kuonekana. Subiri takataka zitue, utaona kipande cha jani kimeanza kutembea, na hapo ujue si jani.

Wapo wa mikia mitatu, bapa, wanaong'ang'ania jiwe. Hao hawana uvumilivu: hewa ikipungua majini wanakufa au wanahama. Wapo wanaojijengea nyumba za mchanga na kuzibeba mgongoni. Wapo watoto wa kerengende, wakali, watawatafuna wenzao siniani mkizubaa. Na wapo mabuu wekundu na minyoo, wanaoishi popote, hata kwenye mtaro wa nyuma ya soko. Kila aina ina alama zake, wateuzi wana nyingi, wavumilivu wana chache, mnajumlisha. Ukikuta wekundu peke yao, mto unaumwa. Lakini msije mkasema Ma Koku amewaambia kijito chenye wadudu kina maji salama ya kunywa. Wadudu hawajui habari za kipindupindu. Maji chemsheni.

Niwachekeshe kidogo. Wadudu wa kupeleka maabara tulikuwa tunawahifadhi kwenye spiriti. Siku moja tukiwa Izigo spiriti iliisha, na sampuli ziko kwenye chupa zinaanza kuharibika. Mzee Sefu akasema pombe kali ya ndizi ingefaa, lakini yeye, kwa dini yake, haingii nyumba ya pombe. Nikaenda mimi. Msichana wa watu, nimekomunika Jumapili, natoka kwenye kilabu na chupa mbili za enkonyagi saa tano asubuhi, na nani anapita njiani kama si shangazi yangu. Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba aliitisha kikao cha ukoo. Nikaeleza kwamba pombe ile walikunywa wadudu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mzee Sefu ilibidi apande kuja kwetu kunitetea, akaketi na kofia yake nyeupe katikati ya wazee wa Kihaya wanaonyonya lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mrija, akaapa kwamba sikuonja.

Mzee huyo alinikataza mambo mawili. Alisema usikipime kijito mahali pamoja tu, panda juu ukatazame kunakotoka. La pili alisema usikipe kijito taarifa kwamba unakuja. La pili nililiona la kizee. Nilifikiri ana maana ya wachafuzi, kwamba wakijua siku yako watafunga bomba lao, na katika mabonde yetu wakati ule wachafuzi wenye bomba hawakuwepo. Akastaafu, akaniachia wavu.

Sasa tufike kwenye kosa langu. Mwekezaji mmoja alitaka kujenga mtambo wa kumenya na kuosha kahawa juu ya kijito kinachoitwa Kanyamaizi, upande wa Izigo. Maji yaliyooshea kahawa ni makali, yana ule utelezi wake, yanachacha, na yakiingia kijitoni yanamaliza hewa yote. Kibali chake kilitegemea kipimo chetu. Kijito kikiwa hai, hamwagi humo hata ndoo moja. Kikiwa kimekwisha kufa, anapewa masharti mepesi, kwa sababu hutaua kilichokufa. Na chini ya pale, bonde zima lilikuwa linateka maji ya kunywa na kupikia kwenye kijito hicho hicho. Hakukuwa na bomba wala kisima.

Siku hizo ofisi ilikuwa imeleta utaratibu mpya wa kuwashirikisha wananchi. Lazima kijiji kipewe barua kabla ya wataalamu kufika. Barua niliiandika mimi, kwa mkono wangu huu, kwamba siku fulani tutakuja kukagua hali ya kijito cha Kanyamaizi, na wananchi watupe ushirikiano. Naikumbuka hiyo sentensi ya ushirikiano kuliko sala ya jioni.

Tulifika, tukapokelewa vizuri mno. Nikaingia majini na kuona mawe meupe, yanang'aa, hayana utelezi hata kidogo. Aibu yangu niseme yote: nilifurahi. Niliandika kwenye fomu, mawe safi. Jiwe la kijito linalopigwa na jua halafu halina utelezi, lipi hilo? Mzee Sefu angetupa kahawa yake mdomoni na kuniuliza nimelala wapi. Nikaweka wavu, nikavuruga, nikamwaga siniani. Mabuu wekundu wachache na mnyoo mmoja. Nikarudia mara tano, ni hao hao.

Nilitaka kupanda juu nikatazame kunakotoka. Lakini mwenyekiti wa kijiji akasema chakula kiko tayari, na ninyi mnajua kwetu mgeni hakatai chakula kilichokwisha kupakuliwa. Sebuleni walikuwa wametandika majani mabichi chini kama inavyopaswa kwa mgeni wa heshima. Tukala ndizi na samaki hadi tukashindwa kuinama. Mvua ikaanza, dereva akalalamikia utelezi wa kilima, tukaondoka. Juu sikufika.

Mkuu wetu wa ofisi, nitamwita Mkuu tu, aliona matokeo akasema kazi imekuwa rahisi. Ripoti ikaandikwa kwamba kijito cha Kanyamaizi hakina uhai wa kulindwa. Tukarudi kijijini kuisoma mbele ya mkutano, na mwekezaji akiwa ameketi meza kuu. Mkuu akasoma. Watu wakatazamana. Halafu akasimama mama mmoja wa makamo, Ma Adventina, mwenye kibanja cha migomba kinachopakana na kijito, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni kabla ya kuongea.

"Waitu, wakubwa wangu, mimi sikusoma," alisema. "Mlituandikia mnakuja kukagua mto. Mgeni akija unafagia, hilo hata mtoto analijua. Tulishinda mtoni siku mbili, wanawake wa bonde hili. Tulitoa majani yote yaliyooza, tukachota tope kwa ndoo, tukasugua mawe moja moja kwa majani makavu ya migomba. Na hao wadudu tulikuta wengi, tukawatoa wote tukawatupa shambani, msije mkasema tunakunywa maji yenye wadudu. Sasa mnasema mto umekufa kwa sababu hauna wadudu?"

Watu walicheka, na mwekezaji akacheka. Mimi nilielewa. Wametusafishia mto kwa heshima, kama walivyotutandikia majani sebuleni, na aliyewaambia wafanye hivyo ni mimi na barua yangu. Ofisi nzima tulikuwa na vyeti, na hakuna aliyekumbuka kwamba Mhaya ukimwambia unakuja kukagua, atasafisha.

Nikasimama. Sikuomba ruhusa, kwa sababu ningeiomba ningenyimwa. Nikasema ripoti ile ni batili na kosa ni langu, sikupanda juu na niliwapa taarifa. Nikachukua wavu kwenye gari, nikapanda na wale akina mama hadi upande wa juu wa kivuko cha miguu, mahali ambapo hawakusugua, mkutano wote nyuma yetu. Nikamwaga siniani mbele ya watu. Wa mikia mitatu walikuwa wamejaa, wa nyumba za mchanga wamejaa, na kaa mdogo alitoka akiinua makucha kututisha. Nilimwita Mkuu aje kutazama. Alibaki amesimama kivukoni na viatu vyake, akasema kipimo hicho hakimo kwenye utaratibu.

Siku iliyofuata aliniletea ripoti ile ile mezani nitie sahihi, kwa sababu bila sahihi ya mpimaji haiendi. Akasema ofisi imekwisha tamka mbele ya wananchi, tukijikana tutaonekana watoto. Nikasema watoto wanaojikana ni afadhali kuliko watu wazima wanaoua mto. Akaileta tena wiki iliyofuata. Akaileta mara ya tatu, safari hii ikiwa imefungwa pamoja na barua nyingine. Nisipotia sahihi, barua hiyo ya pili ilikuwa yangu: uhamisho kwenda Goziba.

Goziba wengine hamjafika. Ni kisiwa huko katikati ya ziwa, kambi za wavuvi, mabati, dagaa kwenye mawe, na hakuna kufika ila kwa boti. Mimi mtaalamu wa vijito nilipelekwa mahali ambapo sikuona kijito hata kimoja. Niliposhuka na sinia langu jeupe kwapani, mvuvi mmoja aliniuliza ninauza vitumbua. Nilicheka naye. Nilikuwa nimewaacha watoto wangu watatu kwa dada yangu hapa Rwamishenye, mdogo akiwa ndiyo anaanza shule, na kucheka ilikuwa bora kuliko kile nilichotaka kufanya.

Ila kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja kwa hasira, na sijawahi kulijutia. Nilimpa fundi cherehani pazia langu la dirisha anishonee wavu mwingine, nikaupeleka Kanyamaizi na beseni jeupe. Jumapili tatu mfululizo baada ya misa niliwafundisha wanawake wa bonde. Niliwaambia kwanza kabisa wasisugue tena hata jiwe moja. Wakauliza, hata utelezi? Nikasema utelezi ndio chakula cha wadudu. Na nawaambia, sijapata wanafunzi kama wale. Vidole vilivyozoea kunyonyoa senene haviponyokwi na mdudu. Majina ya vitabuni hawakuyataka, wakatunga yao. Mmoja mzito wa kutembea, anayejikokota na nyumba yake mgongoni, wakampa jina la mwenyekiti wa kijiji. Kila mwezi walipima mahali patatu, wakachora walichokiona kwenye daftari la shule.

Nilikuwa nimekaa Goziba karibu mwaka nilipoitwa Muleba kwenye kikao cha kuamua kibali. Kabla hatujaingia, Mkuu alinivuta pembeni. Alikuwa na ripoti mpya, na nisiseme uongo, ilikuwa imeandikwa vizuri. Haikusema mto umekufa wala haikusema uko hai. Ilisema una hali ya wastani. Akaniambia nitie sahihi hapo, Jumatatu niripoti Bukoba, nilale kwangu na watoto wangu. Aliongea kwa sauti ya chini, kama ndugu. Nafikiri hata alikuwa ananihurumia.

Nilikishika kile kikaratasi muda mrefu. Msidhani nilikuwa jasiri. Nilimwona akilini mwanangu mdogo amevaa sare. Nikajiambia, Koku, wastani si uongo mkubwa. Halafu nikafikiria maji yale ya kahawa yanashuka bondeni kwa kibali chenye jina langu, na wanawake wale wanainama na ndoo zao.

"Mkuu," nikamwambia, "wastani wa nini na nini? Wa mawe yaliyosuguliwa na mawe ambayo hayajasuguliwa?"

Nikamrudishia. Tukaingia ndani.

Ma Adventina alikuwa amekuja na wenzake wawili, wametembea na kupanda gari na beseni limefunikwa kwa jani la mgomba. Alipopewa nafasi hakutoa hotuba. Aliliweka beseni mezani mbele ya mwenyekiti wa kikao, akafunua, akafungua na daftari. Wadudu walikuwa hai, wanaogelea. Mzee mmoja wa kikao akavaa miwani akainama, akasahau cheo chake, akawa anauliza huyu nani, na huyu nani, na Ma Adventina anamtajia yale majina yao, hadi akafika kwenye lile la mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa ameketi pale pale. Mkuu ndiye aliyeuharibu utani. Akauliza nani aliwapa ruhusa ya kupima.

Ma Adventina alimtazama. "Maji haya tunayanywa tangu bibi zetu bila ruhusa ya mtu," alisema. "Kuyatazama ndiyo tuombe ruhusa?"

Kikao kiliamua kijito kipimwe upya na watu wa kutoka nje, bila barua kwa mtu yeyote. Mimi sikupewa ahsante wala Bukoba. Niliposhuka kwenye boti Goziba, yule mvuvi wa vitumbua aliniuliza nimesahau nini huku.

Walipima wakati mimi sipo. Alama zilikuwa za juu, juu ya kivuko na chini ya kivuko, maana mto ukiachwa wadudu wake hurudi kwa kuteremka na maji. Mwekezaji akaambiwa hatamwaga kitu Kanyamaizi. Alijenga mbali, huko kilimani, akachimba mashimo ya kutuliza maji yake, na maganda wakulima wanayachukua kwa ajili ya migomba. Hakufilisika. Miaka yote ofisini walituambia akizuiwa atafilisika.

Baana bange, wanangu, nimeyasema haya kwa sababu na ninyi mtaletewa karatasi. Haitakuja na mtu mbaya. Itakuja na mtu anayekujua jina, ataongea taratibu, na neno lililoandikwa humo litakuwa dogo tu. Someni kwa vidole mlivyoshikia mawe. Kama mlikosea, semeni mlikosea, hata mkutano mzima ucheke. Na kama hamkukosea, msitie sahihi. Watawahamisha. Hameni.

Mkuu naye amestaafu, anakaa si mbali na hapa. Mwezi uliopita tulikutana dukani, yeye anasubiri sukari, mimi sabuni. Tulisalimiana, tukaulizana magoti. Akaniambia ningetia sahihi siku ile, ningestaafu na cheo kikubwa. Nikamwambia cheo hakijawahi kuniuma. Kilichoniuma ni miaka miwili na nusu ya Goziba, na kwamba mwanangu mdogo alijifunza kusoma bila mimi, na niliporudi alinisalimia shikamoo akajificha nyuma ya dada yangu. Hilo hakuna atakayenirudishia, na bado linanichoma ninapolisema. Kisha akauliza kama leo ningeletewa karatasi ile tena ningefanya nini. Nikasema ningeikataa.

Akauliza, "Hata kwa ajili ya yule mtoto?"

Nikamjibu, "Hata kwa ajili yake. Wa bondeni nao walikuwa na watoto, na walikuwa wanakunywa maji yale."